Kutoka Saio hadi Udaktari: Hatua za Kutafuta Asilimia ya Juu kwenye Exetat

Mdogo wangu uliye finaliste hapa Saio, mjini Bunia, ukisema unataka kuwa daktari, watu wa nyumbani hufurahi na kukuombea. Siku matokeo ya Exetat yatakapotoka, swali litakuwa moja tu: umepata ngapi kwa mia?

Mtihani huu wa Serikali umekuwepo tangu 1967, na mpaka leo 50 kwa mia inatosha kukupa diploma. Kwa fakulti nyingi, diploma hiyo inatosha kuanza chuo. Udaktari una mambo yake. Wanaoomba ni wengi kuliko nafasi, kwa hiyo vyuo hutazama asilimia, au hupanga mtihani wa kuingia, au hufanya yote mawili. Mwenye 52 na mwenye 74 wana diploma ya jina moja, lakini hawapokelewi kwa namna moja.

Mwongozo huu una shabaha moja: upate asilimia ya juu kwa njia itakayokuachia elimu kichwani. Asilimia itakuingiza chuoni. Kitakachokubakiza humo mwaka wa kwanza ni kemia, biolojia na fizikia unazozijua kweli. Kwa hiyo fuata hatua hizi ukianzia Septemba, shule zinapofunguliwa. Ikiwa mwaka umeshakwenda, anza leo hii na hatua ya 3.

Hatua ya 1: Ujue mtihani unaokungoja

Exetat ina sehemu mbili. Kwanza inakuja "hors-session", yenye insha ya Kifaransa na Kifaransa cha kuzungumza mbele ya mwalimu. Halafu inakuja sesheni ya kawaida ya siku nne, ambamo unapimwa utamaduni wa jumla, sayansi, lugha na masomo ya opsheni yako. Maswali ya sesheni ya kawaida ni itemu: unapewa majibu kadhaa, unachagua moja na kulijaza kwenye karatasi ya majibu.

Hapo kuna mambo mawili ya kushika. Kwanza, hakuna somo la kudharau. Wanafunzi wengi wa opsheni ya sayansi huacha historia, jiografia na uraia mpaka wiki ya mwisho, wakidhani hayo si ya daktari. Asilimia inahesabu yote, na mara nyingi alama za kukutoa 60 kukupeleka 68 zimelala kwenye masomo hayo usiyoyapenda. Pili, itemu haitoi alama kwa jitihada. Ukifanya hesabu vizuri na kukosea mstari wa mwisho, umekosa swali zima. Kwa hiyo usahihi unatakiwa ufanyiwe mazoezi kama somo lenyewe.

Kama bado uko madarasa ya chini na hujachagua opsheni, chagua opsheni ya sayansi ikiwa shule yako inayo. Mwenye Pedagojia au Biashara asikate tamaa, ila aulize mapema kama fakulti anayoitaka inampokea, na ajue kwamba atabeba mzigo mkubwa zaidi wa kemia na fizikia.

Hatua ya 2: Nenda ukaulize masharti kabla ya mtihani

Usisubiri matokeo ndipo uanze kutafuta chuo. Anza hapa mjini: nenda sekretarieti ya Chuo Kikuu cha Bunia, UNIBU, uulize. Halafu tafuta habari za Chuo Kikuu cha Kisangani, UNIKIS, za Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kule Butembo, na za vyuo vya Goma. Mtafute pia mtu wa Saio anayesoma udaktari sasa hivi, kwa maana yeye anajua yale yasiyoandikwa kwenye tangazo.

Chukua daftari na uulize maswali haya:

- Mwaka huu mnataka asilimia ngapi kwa udaktari?
- Kuna mtihani wa kuingia? Ni wa masomo gani, na wenye asilimia ya juu nao wanaufanya?
- Mnapokea opsheni zipi?
- Dosie inataka karatasi zipi, na mwisho wa kuileta ni lini?
- Karo ya mwaka ni kiasi gani, na inalipwa kwa awamu ngapi?
- Fakulti hii inatambuliwa na wizara ya elimu ya juu?

Swali la mwisho lina uzito kuliko yote. Utasoma udaktari kwa zaidi ya miaka mitano, na baadaye utatakiwa kuandikishwa katika Chama cha Madaktari cha taifa ndipo uruhusiwe kutibu. Diploma ya chuo kisichotambuliwa haitakufikisha huko. Andika kila jibu pamoja na tarehe, maana masharti hubadilika mwaka hadi mwaka. Aliyoambiwa kaka yako miaka mitatu iliyopita yanaweza kuwa yamepitwa na wakati.

Hatua ya 3: Jipime kabla ya kujipangia lengo

Tafuta itemu za miaka iliyopita za opsheni yako. Shuleni zipo, na zinauzwa zikiwa fotokopi. Chagua mwaka mmoja, kaa mezani bila kitabu, bila simu, saa ikiwa mbele yako, ufanye yote.

Ukimaliza, usihesabu tu ulizopata. Mbele ya kila itemu andika herufi: N kwa uliyoijua, K kwa uliyokisia, S kwa usiyoijua kabisa. Jibu sahihi la kukisia lihesabu kama hukupata, kwa sababu siku ya mtihani bahati inaweza kukukimbia. Ukikuta kwamba kati ya itemu 20 za kemia una N 9 tu, hapo ndipo ulipo, hata kama umepata 13.

Sasa weka lengo kwa kila somo, na liwe na tarehe. "Kemia: N 9 leo, N 12 kufikia Noeli, N 16 kufikia Pasaka." Lengo la namna hiyo linakuambia cha kufanya Jumatatu. Lile la "nitajitahidi sana" halikuambii kitu.

Hatua ya 4: Shika Kifaransa, kwa maana mtihani unaongea Kifaransa

Nyumbani na sokoni tunaongea Kiswahili, na wengi wetu tuna Kihema, Kilendu, Kialur, Kilugbara au lugha nyingine ya wazazi. Exetat inakuuliza kwa Kifaransa. Wapo wanafunzi wanaoijua biolojia vizuri wakakosa swali kwa sababu hawakuona neno "sauf". Swali linauliza ni kipi ambacho hakimo. Wao wanachagua cha kwanza wanachokitambua.

Fanya zoezi hili kila siku kwa dakika kumi. Soma itemu moja kwa sauti. Pigia mstari maneno yanayogeuza swali: "sauf", "faux", "ne… que", "inversement proportionnel", "on en déduit". Mweleze mtu swali hilo kwa Kiswahili, bila jibu. Ukishindwa kulieleza, hujalielewa, na tatizo ni lugha kabla ya sayansi.

Insha nayo haiji kwa kusoma insha za wengine. Andika moja kila wiki, umpe mwalimu wa Kifaransa aisahihishe, kisha uiandike upya iliyosahihishwa. Hiyo ya pili ndiyo inayofundisha. Kwa Kifaransa cha kuzungumza, sikiliza habari redioni, zima, halafu simulia ulichosikia kwa dakika mbili.

Hatua ya 5: Panga wiki kulingana na maisha yako

Jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima hapa kwetu, na umeme si wa kutegemea kila usiku. Kwa hiyo mwanga ni sehemu ya ratiba. Kazi inayohitaji macho, kama michoro na hesabu ndefu, ifanye mchana au alfajiri. Kazi ya kukumbuka na kueleza kwa mdomo inaweza kufanyika gizani.

Siku za shule, saa mbili bila usumbufu zinatosha ukizitumia vizuri: moja kwa yale mliyofundishwa siku hiyo, ya pili kwa somo lililo dhaifu zaidi. Jumamosi fanya seti moja nzima ya itemu kwa muda uliopangwa. Jumapili, ukitoka kanisani, pumzika, kisha pitia makosa ya wiki.

Kila somo jipya lirudie mara tatu: kesho yake, baada ya wiki moja, na baada ya mwezi. Kurudia ni kufunga daftari na kuandika unachokumbuka kwenye karatasi tupu, ndipo ufungue uone ulichosahau. Kusoma ukurasa uleule mara tano kunakupa faraja ya kuuzoea, na mtihani hauulizi kama umeuzoea. Lala pia. Anayekesha kila usiku anasoma kwa saa nyingi na kushika kidogo.

Jambo moja ni letu sisi wa Ituri. Tangu Mei 2021 tuko chini ya hali ya dharura ya kijeshi, na familia nyingi zimeshajua maana ya kuondoka nyumbani ghafla. Weka buletini zako, karatasi ya kuzaliwa, karatasi za Exetat na daftari lako la makosa kwenye mfuko mmoja wa plastiki unaofungwa vizuri, mahali pa kuuchukua haraka. Piga picha za karatasi hizo na uzihifadhi kwenye simu ya mtu mwingine pia. Hatari ikija, okoa maisha kwanza. Mfuko ukiwa tayari, hutalazimika kuchagua.

Hatua ya 6: Fungua daftari la makosa

Kama utachukua hatua moja tu katika mwongozo huu, chukua hii. Kila itemu uliyokosa, na kila uliyokisia, iandike kwenye daftari lake pamoja na sababu ya kukosa. Tazama mfano.

Umeyeyusha gramu 4 za hidroksidi ya sodiamu, NaOH, ukapata mililita 500 za myeyusho. Unaulizwa konsentresheni kwa moli kwa lita. Masi ya moli ni 23 + 16 + 1, yaani gramu 40. Gramu 4 ugawe kwa 40 unapata moli 0,1. Mililita 500 ni lita 0,5. Gawa 0,1 kwa 0,5, unapata moli 0,2 kwa lita.

Sasa chungulia majibu mengine ambayo mtungaji anaweza kukuwekea. Aliyechagua 0,1 alisimama kwenye moli, akasahau lita. Aliyechagua 0,05 alizidisha mahali pa kugawa. Aliyechagua 0,0002 aligawa kwa 500 bila kugeuza mililita. Aliyechagua 8 alitoa gramu kwa lita, wakati aliulizwa moli. Majibu manne ya uongo, na kila moja lina kosa lake na dawa yake.

Ndiyo maana kuandika "nilikosa" hakutoshi. Andika "sikugeuza mililita", au "sikusoma kizio kinachotakiwa". Baada ya mwezi utaona kwamba makosa yako mengi ni matatu au manne yanayojirudia. Ukiyaponya hayo, alama zinapanda bila kuongeza kurasa za kusoma. Fanya hesabu kwa mkono muda wote huu, usitegemee simu kukugawia.

Hatua ya 7: Soma biolojia kama mtu atakayeitumia

Wengi hukariri biolojia. Wewe ielewe, kwa sababu itemu nzuri hugeuza swali. Chukua ugonjwa wa selimundu, ambao familia nyingi za kwetu zinaujua. Baba ni AS, mama ni AS. Chora mraba wa vyumba vinne: utapata AA kimoja, AS viwili, SS kimoja. Kwa kila mimba, uwezekano wa mtoto kuugua ni 1/4. Hapo kila aliyekariri anafika.

Sasa swali linageuzwa: mtoto wao mmoja ni mzima, haugui. Ni uwezekano gani kwamba amebeba S? Aliyekariri atajibu 1/2. Anayeelewa atafuta kwanza chumba cha SS, kwa kuwa tumeshaambiwa mtoto haugui. Vinabaki vyumba vitatu, viwili kati yake vina S. Jibu ni 2/3. Siku moja utaulizwa jambo hilohilo na wachumba wawili watakaokaa mbele ya meza yako, na hapo hakutakuwa na majibu ya kuchagua.

Fanya hivyo na kinga ya mwili pia. Mwaka 1995 Ebola iliwaka Kikwit. Kutoka kwenye damu ya mtu aliyepona huko, watafiti, Profesa Jean-Jacques Muyembe akiwa mmoja wao, walipata kingamwili iliyozaa dawa inayoitwa mAb114. Dawa hiyo ilijaribiwa katika mlipuko wa 2018 hadi 2020, uleule uliogusa Kivu Kaskazini na Ituri yetu, na leo ni moja ya tiba za Ebola zinazokubalika duniani. Ukifika kwenye sura ya kingamwili, ujue kwamba ukurasa huo umeshaokoa watu wa nchi hii. Mtu hasahau kirahisi jambo ambalo ameona kazi yake.

Hatua ya 8: Soma na wenzako, kwa utaratibu

Kikundi kizuri ni cha watu wanne au watano wa jirani, wanaoweza kurudi nyumbani kabla ya giza. Kila mkutano uwe na sura moja iliyotangazwa, na mtu mmoja aliyejiandaa kuifundisha ubaoni au kwenye karatasi kubwa. Wengine wamuulize mpaka akwame. Hapo alipokwama ndipo pa kumpelekea mwalimu kesho yake. Mkibadilishana zamu, kila mmoja atakuwa amefundisha sura kadhaa kabla ya mtihani, na unachokifundisha kinakaa.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mama, baba, ikiwa nyumbani mna msichana finaliste, hesabuni saa anazotumia kuchota maji, kupika na kulea wadogo zake, mlinganishe na za kaka yake. Anahitaji saa mbili kwa siku zisizokatizwa. Kumpa saa hizo hakugharimu franka hata moja.

Hatua ya 9: Kataa majibu ya kuuziwa

Kadiri mtihani unavyokaribia, utasikia habari za majibu yanayozunguka kwenye simu, na za "mchango" wa kumtuliza fulani. Kataa. Mengi ni uongo unaotengenezwa kula pesa za wazazi, na ukikamatwa unaweza kupoteza mwaka mzima. Hata kama yangekuwa ya kweli, fikiri mbele kidogo. Asilimia uliyonunua itakuketisha mwaka wa kwanza kati ya watu wanaojua, na kemia ya chuo haitakungoja. Na wewe unataka kazi ambayo dozi iliyozidishwa mara kumi kwa kosa inaweza kuua mtoto. Uaminifu wa daktari unaanza kujengwa hapa, kwenye karatasi ambayo hakuna anayekuona ukiijaza.

Hatua ya 10: Siku za mtihani

- Wiki moja kabla, tembea hadi kituo chako cha mtihani ujue njia na muda wake. Usitegemee kwamba pikipiki itapatikana asubuhi ya mvua.
- Siku ya mwisho usianze sura mpya. Pitia daftari la makosa tu.
- Andaa usiku karatasi zako na kalamu zaidi ya moja, pamoja na kila kitu walichotangaza kituoni.
- Kula asubuhi chakula ulichokizoea.
- Ndani, soma maelekezo yote kabla ya kugusa kalamu. Pita kwanza kwenye itemu unazozijua, halafu rudi kwenye ngumu.
- Kila baada ya itemu tano, hakikisha namba ya swali na namba ya jibu kwenye karatasi zinalingana.
- Ukitoka, usisahihishe na wenzako. Siku ya kesho inahitaji kichwa kilichotulia.

Hatua ya 11: Baada ya Exetat, usilale

Wakati wa kungoja matokeo ndio wakati wa kukusanya dosie. Kwa kawaida vyuo vinataka diploma au hati ya kufaulu, buletini za miaka miwili ya mwisho, karatasi ya kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema, cheti cha afya na picha za pasipoti. Tengeneza nakala kadhaa. Kama fakulti yako ina mtihani wa kuingia, endelea na itemu za kemia, biolojia na fizikia kana kwamba Exetat bado.

Asilimia ikitoka chini ya ulivyotarajia, rudi kwenye majibu ya hatua ya 2, uangalie ni wapi mtihani wa kuingia unakuruhusu kujitetea. Na ujue kwamba hospitali haiendeshwi na madaktari peke yao. ISTM, taasisi ya juu ya ufundi wa tiba hapa Bunia, inafundisha kazi za afya, na muuguzi mwenye elimu thabiti, mkunga au mtu wa maabara anaokoa maisha kila siku. Chagua njia hiyo kwa kuipenda, usiichague kwa aibu.

Wiki hii, basi, fanya mambo matatu. Tafuta itemu za mwaka mmoja uliopita uzifanye zote kwa saa. Fungua daftari la makosa, uandike kosa la kwanza na sababu yake. Nenda UNIBU ukiwa na yale maswali sita, urudi na majibu yaliyoandikwa. Ukifanya matatu hayo kabla ya Jumapili, utakuwa umeshaanza masomo ya udaktari.